Bawa la Mashina Saba

Ndege ya kwanza niliyoiunda ilitoka kwenye robota la mitumba. Wakati huo nilikuwa Kericho mjini, nikimsaidia mama mmoja kufungua nguo za watoto, na katikati ya soksi na fulana likatokea sanduku la karatasi ngumu lililobonyea upande mmoja. Ndani kulikuwa na vipande vya plastiki ya kijivu vilivyoshikana kwenye vijiti, kama matunda mabichi ambayo hayajachumwa. Mama alidhani ni takataka. Mimi nilidhani ni redio. Nilimwomba, akanipa, na jioni hiyo nilikaa kitandani nikigeuza kipande kimoja kimoja bila kujua kipi ni juu na kipi ni chini.

Karatasi ya maelezo ilikuwa na michoro ya ndege, mishale, na maandishi ya lugha ambayo sijawahi kukutana nayo. Shule niliiacha kidato cha pili. Si kwamba nilichoka kujua vitu. Nilichoka kukaa dawati moja nikingoja mtu aamue leo nijue nini. Kwa hiyo nilifuata mishale. Niliunganisha vipande kwa gundi ile ya haraka ya kubandika viatu, na kesho yake dirisha la rubani likawa jeupe kama jicho lenye mtoto wa jicho. Nilipaka mabawa rangi ya kucha, rangi ikala plastiki, mabawa yakajikunja. Kulikuwa na karatasi yenye nyota na namba za kubandika, nikazibandua kwa wembe mpaka zikapasuka zote. Miezi ilipita kabla sijaona kwenye simu video ya mzee wa nchi ya baridi akizilowesha kwenye kisahani cha maji, zikateleza zenyewe kama ganda la maharagwe. Nilitazama video hiyo tena na tena. Sikuelewa alichosema, lakini nilielewa kwamba kuna watu wazima duniani wanaofanya hivi kila siku, tena kwa utulivu mkubwa, na hakuna anayewauliza wanapata faida gani.

Mimi niliulizwa kila mahali. Nilihama kutoka Kericho nikaenda Kedowa kupakia kabichi na viazi, nikahama Kedowa nikaenda Sosiot, na katika kila chumba nilichokodi mtu aliingia, akaona ndege zinaning'inia kwa uzi kwenye boriti, akauliza, "Sasa hizi ni za nini?"

Sosiot nilikodi chumba nyuma ya nyumba ya mzee mmoja mkulima wa chai na maziwa. Asubuhi nilichuma chai ya majirani, alasiri nilitengeneza simu, na nafasi iliyobaki nilikaa na msasa na brashi. Masanduku ya ndege za plastiki sikuyapata tena, kwa hiyo nilikuwa nimeanza kuunda ndege kwa vipande vya mbao ya saiprasi kutoka kwa fundi seremala na mifuniko ya plastiki ya mafuta ya kupikia. Kwenye nyufa nilitia fila ile wanayotumia mafundi wa magari.

Siku moja mzee aliingia kuniletea simu yake iliyokuwa haichaji. Alisimama chini ya ndege zangu muda mrefu, kofia mkononi, kichwa nyuma. Nilisubiri lile swali. Badala yake alisema, "Hizi zote ni za vita. Unaweza kutengeneza ile yangu?"

Hadithi ya ndege yake nilikuwa nimeshaisikia, kwa sababu hakuna mtu aliyepeleka majani kwenye kituo cha chai cha pale ambaye hakuisikia. Alipokuwa kijana alifanya kazi katika shamba kubwa la chai, kazi ya kufyeka nyasi kwenye kiwanja kidogo cha ndege na kufukuza ng'ombe wasiingie. Ndege yenyewe ilikuwa ya kupigana na mvua ya mawe. Wingu likianza kuwa jeusi upande wa msitu, ndege hupanda na kwenda kulifukizia moshi wa dawa kutoka kwenye mirija iliyofungwa chini ya mabawa, ili mawe yasianguke na kuchana chai. Siku moja ilitua kwenye utelezi, ikapita mwisho wa kiwanja, gurudumu likaingia kwenye mtaro, na bawa moja likalala juu ya chai. Yeye akaivuta kwa kamba mpaka ikatoka. Kesho yake rubani akamnyooshea kidole, akamwambia apande, akamzungusha juu ya chai yote hadi mpaka wa Bomet, akamrudisha.

Sikujua niamini kipi. Ndege ya kufukizia mawingu dawa ilionekana kwangu kama uongo mtupu, lakini nilipotafuta kwenye simu nikakuta ni kweli, mambo hayo yalifanyika huku kwetu. Ila mtu mmoja kuvuta ndege kutoka kwenye mtaro, hilo ambalo wengine hawakulishuku kamwe ndilo nililoshindwa kuliamini.

Pale kituoni aliyeongoza kicheko alikuwa mzee mwingine, rika lake, walitahiriwa pamoja. Huyu naye alifanya kazi shamba hilo hilo miaka hiyo hiyo. Kila hadithi ilipoanza, alisema yeye alikuwa kiwandani, upande wa kukausha majani, na hakuwahi kukanyaga kiwanja cha ndege. Lakini, aliongeza, kama mtu wa hapa angepandishwa ndege, habari zingefika kiwandani kabla ya chai ya saa nne. Alimwita mwenzake Rubani. "Rubani, leo mawingu unayaonaje?" "Rubani, gunia lako limetua vibaya." Watu walicheka, na mzee wangu alicheka pia, kidogo, akiangalia pembeni.

Nilimuuliza kwa nini anataka ndege hiyo iundwe sasa, baada ya miaka yote. Alikuwa ametoka hospitali mwezi uliotangulia, na alizungumza polepole kwa sababu ya kifua.

"Siku ya kunizika," alisema, "yeye ndiye atapewa kipaza sauti. Ni rika langu, hawezi kunyimwa. Atasimulia ndege, watu watacheka, na mimi nitakuwa kwa sanduku siwezi kumjibu. Wajukuu wangu watarudi shule na hilo. Mimi nataka aione kwa macho yake nikiwa bado nimekaa naye."

Sikuelewa ndege ya mbao ingethibitisha nini. Mtu anaweza kuunda hata ndovu. Lakini nilikuwa na hamu, na hamu ikinishika mimi huwa siulizi tena.

Shida ya kwanza ilikuwa vipimo. Ndege za kwenye sanduku huja zimeshapimwa. Anayeunda kutoka kichwani mwa mtu mwingine lazima apate namba mahali. Mzee hakujua futi wala mita. Alijua kwamba ndege ikiingizwa kwenye banda la bati, pua iligusa mlango na mkia ukagusa ukuta wa nyuma, na banda lile bado lipo. Na alijua kwamba siku ile bawa lilipolala juu ya chai, kuanzia mwilini mpaka ncha, lilifunika mashina saba. Aliyahesabu mwenyewe, kwa sababu nyapara alitaka kujua chai iliyoharibika.

Tulikwenda pamoja, kwa pikipiki. Mlinzi wa shamba alikuwa kijana wa Bomet aliyetusikiliza, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akasema tusikae sana. Kiwanja kilikuwa kimepandwa mikaratusi. Banda lilikuwa na mbolea, na nikalipima kwa kamba. Halafu tukaenda pale mtaro ulipokuwa, mzee akasimama kwenye majani akashika hewa kwa mikono miwili kama mtu anayeshika bawa. Hapa, alisema. Niliazima ufito, ule mti mrefu ambao wachumaji huulaza juu ya chai ili wajue majani yapi yamefikia, nikaulaza chini kando ya mstari, nikapima mashina saba. Mzee alinihesabia kwa sauti. Hatukukosea hata shina moja.

Nyumbani nikagawanya vipimo vyote sawasawa, vitoshe ndege ya kubebwa mikononi. Mwili niliuchonga kwa siku nyingi, nikausugua mpaka ukawa laini kama mpini wa jembe la zamani. Nilipochonga mabawa na kuyashikilia pembeni, nikaona kuna kasoro. Mwili ulikuwa mrefu na mnene. Mabawa yalikuwa mafupi kama mikono ya mtoto aliyevaa koti la babake. Nikapima upya. Nikagawanya upya kwenye karatasi, halafu kwenye simu. Namba zilikuwa zile zile. Nilitazama video za ndege za kivita zenye mabawa mafupi, nikajiambia labda ndege ya kupigana na mvua ya mawe nayo inahitaji kukata hewa upesi. Nilijiambia mimi si rubani. Nilimwonyesha mzee. Alishika ndege, akaigeuza, akasema, "Mbona kama imenyolewa?" kisha akasema labda ni macho yake. Kila mmoja wetu alimwamini mwenzake kuliko alivyojiamini, na wote wawili tuliiamini chai.

Kazi ya kupaka rangi ilikuwa bado imebaki, lakini hakutaka kungoja. Siku iliyofuata ya kupeleka majani aliifunga ndege ndani ya shuka, tukaenda kituoni.

Ilikuwa alasiri, watu wameshamwaga majani kwenye meza wanachambua yale magumu, wanangoja lori. Mzee alifunua shuka akaiweka ndege kwenye ukingo wa meza, akarudi nyuma hatua moja. Halafu mama mmoja mchumaji, mwenye aproni ya plastiki na ulimi mkali, akainama akaitazama kwa pembeni.

"Hii itapaa," aliuliza, "ama itataga?"

Kituo kizima kililipuka. Mtu akasema ni kuku wa Krismasi, mwingine akasema hapana, ni bata, angalia mdomo. Karani wa mizani alitoka kwenye kibanda chake kuja kuona, akarudi akishika tumbo. Mzee hakugeuka kwao. Aligeuka kwangu, akaniuliza kwa sauti ndogo nimefanya nini. Nilijaribu kueleza, mbele ya wote, kwamba nimepima, banda hivi, bawa mashina saba, twende pamoja sasa hivi tukahesabu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyocheka, na mimi mwenyewe nilianza kuona kuku.

Yule mzee wa pili alikuwa amekaa kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza hakuwa ameongoza. Aliinuka. Alitoa miwani mfukoni, akaichukua ndege, akaishika kwa chini, penye tumbo la ndege. Nilingoja naye atoe mzaha wa kutumaliza. Alipitisha kidole gumba juu ya bawa, kutoka mwilini mpaka ncha, akatikisa kichwa kama fundi anayekagua kazi ya mwanafunzi.

"Huyu kijana amepimia chai mpya," alisema. "Chai ya pale iling'olewa yote, ikapandwa hii ya kubanana. Ya zamani ilikaa mbali mbali. Ungepita katikati na kikapu umande usikuguse. Bawa lilifika shina la saba, ndiyo. Lakini shina la saba la wakati ule lilikuwa kule." Akaonyesha ua wa kituo, mbali kuliko nilivyotegemea, karibu mara mbili.

Nilifikiria namba zangu na nikaona mara moja kwamba ni kweli. Furaha ilinipanda, furaha ya kijinga ya mtu aliyepata kipande kilichopotea, na nilikuwa nataka kumuuliza upana kamili kati ya shina na shina. Ndipo nilipogundua kwamba hakuna mtu mwingine anayefikiria namba.

Ni yule mama wa aproni aliyeuliza. "Mzee, si ulikuwa kiwandani?"

Yeye aliendelea kuitazama ndege. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya koti, akaivaa tena, akaivua.

"Na kamba ilivutwa na nani?" alisema. "Ndege ile ilikuwa nzito. Tulikuwa wanne. Wawili walikuwa watu wa kutoka magharibi, walirudi kwao. Akabaki huyu na mimi."

Mzee wangu alikaa chini juu ya gunia. Nilidhani atasimama aseme mmesikia, awanyooshee watu kidole, alale usiku ule kama mfalme. Badala yake akasema, "Miaka yote hii."

"Miaka yote hii, ndiyo. Umeisimulia mara ngapi, hapa, kanisani, kwenye matanga? Ni wewe, na kamba, na ndege. Mimi siko. Kesho yake rubani akakuchukua wewe, mimi nikabaki chini nimeshika kamba kama mtu anayengoja ng'ombe. Nikasema sawa, kama mimi sikuwepo, basi na yeye hakuwepo."

"Nilikutaja."

"Hukunitaja."

"Nilikutaja, hapo mwanzo mwanzo."

Wakatugeukia sisi, wote wawili kwa pamoja, kana kwamba tungejua. Watu waliangalia majani yao. Mimi nilijua kwamba kwangu hakumtaja, lakini mimi nilikuwa mgeni wa juzi. Hadithi niliyoisikia huenda ilikuwa imechakaa kwa kusimuliwa, na mtu wa pili akadondoka njiani bila mwenyewe kuona. Au hakuwahi kuwemo. Sijui. Hakuna mtu pale aliyeweza kukumbuka hadithi ilivyoanza, kwa sababu tangu mwanzo tulikuwa tunaisikiliza ili tucheke.

Ndipo mzee wangu akauliza lile alilokuja kuuliza. Aliuliza bila kumtazama mwenzake.

"Kwa hiyo siku ile ukipewa kipaza sauti, utasema nini?"

Yule mwingine aliirudisha ndege mezani, polepole, akaielekeza pua upande wa barabara.

"Nitasema ulipanda," alisema. "Nitasema kwa sababu nilikuona. Lakini nitasema pia vile ulitapika. Ulishuka umetapikia viatu vya rubani, na mimi ndiye niliyetumwa maji."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Hakikuwa kama vicheko vya kila siku vya kituoni. Hiki kilikuwa na kitu cha kushika. Hata karani alirudi tena. Mzee wangu alinyanyua mkono kupinga, mkono ukabaki hewani, na usoni sikuweza kusoma kama ni hasira au aibu au kitu kingine. Kisha lori likaingia, kila mtu akakimbilia gunia lake, na wazee wale wawili wakabaki pande mbili za ndege, hakuna aliyemsaidia mwenzake kuinua gunia, hakuna aliyeondoka.

Nilichonga mabawa mapya. Mzee wa pili alinipa upana wa chai ya zamani kwa hatua za miguu yake, akatembea uani kwake huku mke wake akimwangalia kutoka mlango wa jikoni kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Mabawa yalipoingia mahali pake, kile kitu kilichokuwa mezani kikawa ndege ghafla, nami nikaona kwamba kweli ilikuwepo.

Rangi ndiyo iliyonishinda. Mzee wangu tangu mwanzo alisema ilikuwa ya manjano. Yule mwingine aliponieleza, alisema ilikuwa nyeupe yenye mstari mwekundu. Nikapaka mifuniko miwili ya mafuta, mmoja manjano na mmoja mweupe wenye mstari, nikaipeleka kwa kila mmoja, nikitumaini mmoja wao atalegea. Walilegea wote. Mzee wangu aliutazama ule mweupe kwa muda mrefu akasema ndiyo, sasa anakumbuka, ilikuwa nyeupe, mwenzake yuko sahihi. Nilipofika kwa mwenzake, alishika wa manjano akasema hivyo hivyo: kama yeye aliyekaa ndani anasema manjano, ni manjano. Nilizunguka kati ya nyumba zile mbili wiki nzima. Nilijaribu kuwakutanisha, wakakubaliana kwa haraka sana kwamba rangi si neno, kisha wakaanza kuzungumza kuhusu ng'ombe.

Kwa hiyo nilikaa na brashi na ndege ya mbao isiyo na rangi, na swali moja ambalo halikuwa langu. Nilikuwa nimeshaanza kufunga vitu vyangu, kuna mtu aliniambia huko Merigi wanatafuta fundi wa simu. Jioni moja mzee alikuwa nje akimpa ndama maziwa, ndoo kati ya magoti, nikamuuliza moja kwa moja kama kweli alitapika.

Alifikiri. Nilimwona anafikiri kweli, akitafuta huko juu, mahali alipokuwa peke yake kwa miaka mingi bila mtu wa kumuuliza. Ndama alikuwa ameshamaliza, anavuta ndoo tupu.

"Muulize yeye," alisema. "Yeye ndiye aliyekuwa chini akiangalia."